Kumuaga Baba Ziwani

Jamani, mama yangu ana kichwa kigumu! Ziwa lilipopanda likameza boma letu, kule karibu na Luanda Kotieno, sisi watoto wake tulijibana tukamjengea nyumba juu kilimani, mabati mapya, sakafu ya saruji. Akashukuru vizuri. Akapika humo mchana. Jioni ikifika anajifunga leso, anashuka kwenda kulala kwenye ukumbi wa kanisa na wale wengine waliofukuzwa na maji.

"Nyumba ina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Haina. Ila sijamwambia baba yako kwamba nahama."

Baba tulimzika pale bomani, mbele ya nyumba yake, kama desturi yetu ilivyo. Tangu siku hiyo mama alikuwa akifagia uwanja asubuhi huku akimpa habari: ng'ombe amezaa, binti yako amepiga simu, dagaa wetu wa omena wamepanda bei. Nilimtania kwamba baba hakupata nafasi ya kusema akiwa hai, na sasa hata kaburini hapumziki. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Sasa kaburi liko chini ya ziwa, na mvua za siku hizi hazina adabu, zinakuja zinapotaka. Wingu likitanda tu, mama anageukia ziwa, chakula kinapoa mbele yake. Niliogopa. Jumamosi moja nikatoka Kisumu, nikakodi boti, nikamwambia twende akamuage.

Tulipita juu ya shamba letu la mtama. Magugu maji yalikuwa yametanda kila mahali. Mwenye boti akazima injini.

"Mama, hapa ndio kwenu."

"Hapa ni kwa jirani," mama akasema.

Tukasogea. "Hapa je?"

Mama akatazama vilima, akatazama magugu, akanigeukia mimi. "Wewe ulizaliwa hapa. Nionyeshe baba yako alipo."

Yawa! Nilizaliwa pale, nikacheza pale, nikaolewa nikitokea pale. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mti, hakuna uzio, hata ncha ya paa hakuna. Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya mwenye boti.

Mama akasimama, akinishika bega asianguke. Akamwita baba kwa jina lake. Akangoja kidogo, kisha akaketi.

"Siwezi kuongea na maji," akasema. "Turudi."

Siku hiyo hiyo alichukua godoro lake kanisani akahamia nyumba mpya. Ndugu zangu wakanipigia simu kunipongeza, eti mimi ndiye nimemweza. Ni kweli, analala, anakula. Nilikitaka hicho na nimekipata, na ninajuta. Ningejua, ningemwacha akae na wenzake kanisani muda wote anaotaka. Maana tangu tutoke kule ziwani hajamtaja baba hata mara moja, na nikimtaja mimi, ananiuliza kama nimekula.