Taa za Breki za Mama Kazungu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka imeshindwa kunisahaulisha. Ilikuwa Ijumaa, msimu wa masika, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa waya za magari katika gereji ya Mzee Mbwana pale Chaani. Nasema fundi, lakini fundi hasa alikuwa Mzee Mbwana. Mimi nilikuwa na bisibisi, koleo na majivuno.

Usicheke. Nawe unayo, nimeyaona. Juzi ulipomaliza lile gari la mwalimu uliifunga boneti kwa kishindo kama mtu aliyeshinda kesi. Si vibaya, maana asiyejivunia kazi yake hawezi kuipenda. Ila kaa kitako nikwambie yangu yalinifikisha wapi.

Mzee Mbwana alikuwa na kawaida moja ambayo mafundi wa jirani waliicheka. Gari likitengenezwa taa za breki, hakuliachilia kwa kuziona zinawaka mara moja tu. Kwanza mtu akanyage breki taa nyingine zote zikiwa zimezimwa. Kisha akanyage tena taa kubwa zikiwa zimewashwa. Halafu yeye mwenyewe alifuate gari kwa miguu, kikoi amekikunja magotini, hadi kwenye tuta la kwanza la barabarani, alione likipunguza mwendo bila kuambiwa. "Dereva haoni mgongo wake," alikuwa akisema. "Mgongo wake ni amana yako." Watu walimwita Mzee wa Kusindikiza Magari, naye aliitika.

Ijumaa hiyo alikwenda msikitini mapema akaniachia gereji, akaniagiza nifunge saa tisa kwa kuwa baada ya swala angekuwa na mgeni nyumbani. Sijakaa sana ikaingia pikapu ya Mama Kazungu. Huyu alikuwa mjane wa Mariakani. Pikapu aliachiwa na marehemu mumewe, kuukuu, umri wake ulizidi wangu. Alfajiri ilileta nazi soko la Kongowea, mchana ikarudi na magunia ya unga na sukari ya kijiduka chake. Nyuma, juu ya magunia, aliketi mavyaa wake, yaani mama wa marehemu, tuliyemwita Hawe Mbodze. Hawe ni bibi kwa lugha ya kwetu. Hakutaka kabisa kuketi mbele. Alisema harufu ya petroli inamchafua moyo, na kwamba akiwa nyuma angalau anaona alikotoka.

"Taa za breki zaniringia," Mama Kazungu akaniambia. "Leo zawaka, kesho hazitaki. Mzee yuko wapi?"

"Mzee yuko msikitini, Mama, lakini fundi yuko."

Ndivyo nilivyojibu, kwa kinywa changu hiki.

Nikaingia kazini. Fyuzi ilikuwa imeungua, nikabadilisha. Nikasafisha swichi iliyo juu ya pedeli. Nikafungua taa za nyuma, nikakuta glopu moja imekufa na ya pili imefanya weusi, nikatia mpya zote mbili. Mama Kazungu akakanyaga breki, nikakinga jua kwa kiganja, nikaona wekundu. Ulikuwa wekundu dhaifu, sitakudanganya. Moyo wangu uliuona ule udhaifu, nami nikauambia moyo kuwa ni jua kali.

"Haya, Mama. Tayari."

Hawe Mbodze alinimegea muhogo wa kuchoma, akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia ni Rabai, ila nimepanga chumba Miritini, akasema haiwezekani mtoto wa nyumbani aende kwa miguu na wao wanapita pale pale. Nikafunga gereji, nikapanda nyuma nikaketi naye.

Hatujafika Miritini mbingu ikafunga, mvua ya masika ikashuka kwa kishindo. Mama Kazungu akawasha taa kubwa. Punde mkokoteni ukakata barabara mbele yetu, naye akafunga breki.

Mwanangu, nilikuwa nimeketi juu ya taa zile zile nilizozitengeneza. Lami ilikuwa imelowa, inang'aa kama sinia. Taa zingewaka, wekundu wake ungetapakaa chini nami ningeuona. Sikuona kitu. Nilichoona ni lori lililokuwa nyuma yetu likija na mwendo wake ule ule, kisha magurudumu yakakwama, likaserereka, likasimama karibu nasi hata ningenyoosha mkono ningeligusa bampa. Dereva wake akatoa kichwa dirishani. "Huna taa za breki, weye mama." Mvua ikaimeza sauti yake. Mama Kazungu hakusikia ila honi, na honi za malori alikwisha kuzizoea.

Hawe Mbodze alikuwa ameukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu ametuona," akasema. "Bora leo tulipitia kwa fundi."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Kioo cha nyuma cha dereva hakikuwa mbali nami, ningekigonga mara mbili tu Mama Kazungu angesimama. Sikukigonga. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kumwambia bibi yule kwamba fundi anayemshukuru ndiye aliyemponza. Nikateremka Miritini, nikashukuru kwa lifti. Hawe akanipungia mkono. Pikapu ikaondoka, ikafika kwenye tuta la mbele, ikapunguza mwendo, na nyuma hapakuwaka kitu. Malori mawili yakaifuata.

Nikadandia gari la kwanza lililorudi upande wa Chaani. Mzee Mbwana nilimkuta barazani kwake, anakunywa kahawa na mgeni wake. Nikamweleza yote nikiwa nimelowa chapachapa.

"Hukuwasha taa kubwa ukajaribu?"

"Sikuwasha, Mzee."

"Basi athi imeoza hiyo."

Nikueleze hapa, maana litakufaa kesho. Moto wa betri huenda kwenye taa kwa waya, na hurudi betrini kwa bodi ya gari. Pale taa inapofungwa kwa bolti kwenye bodi ndipo sisi mafundi tunapopaita athi. Hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi huila bolti hiyo polepole hadi ikabaki kutu tupu. Moto ukikosa njia yake ya kurudi, hupenya kwa jirani, kwenye waya za taa ndogo za nyuma, na breki inawaka kwa unyonge. Ukiwasha taa kubwa, zile ndogo nazo hupelekewa moto, na kile kichochoro kinazibwa. Kwa hiyo jua likiwaka gari lina taa za breki, mvua ikinyesha halina. Kutia glopu mpya juu ya athi mbovu ni kumvika mgonjwa shati jipya.

Mzee Mbwana akaniuliza, "Na mwenye pikapu umemwambia?"

"La, Mzee. Nimekuja kukwambia wewe."

Akaweka kikombe chini. "Mimi nimeketi barazani kwangu, hapana lori nyuma yangu. Waniambia mimi, kwani mimi ndiye nitakayegongwa? Hukuja kusema kweli, mwanangu. Umekuja kujitua mzigo."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kofi, ningelia yakaisha. Akamtaka radhi mgeni wake, akachukua ufunguo wa gari lake, akaniambia, "Ndoo," ndivyo watu wa Mvita wa zamani walivyoita njoo.

Tukashika barabara ya Mariakani. Hawe alikuwa amenigusia kwamba Mama Kazungu angesimama Mazeras kumshushia nduguye gunia la unga, na kila tulipokuta magari yamesongamana mbele yetu nilifumba macho. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikujua kuwa ninayo. Tulipofika Mazeras nikaiona pikapu imeegeshwa kando ya duka, nzima, na Hawe Mbodze yuko juu ya magunia, amejifunika turubai.

Mzee Mbwana hakushuka. "Nenda ukaseme," akasema. "Mimi nakungoja hapa."

Nikaenda. Nikamwambia Mama Kazungu kwamba akiwasha taa kubwa taa zake za breki hufa, kwamba sikuzijaribu kama nilivyofunzwa, na kwamba lile lori lilibakisha kidogo litumalize nami nikaona, nikanyamaza.

"Mavyaa wangu hukaa hapo nyuma," akasema. "Skuli zikifungwa, wanangu hukaa hapo nyuma."

Nikamgeukia Hawe nikaanza kumwomba radhi, naye akaninyamazisha kwa kunishika mkono.

"Najua, mjukuu wangu," akasema. "Lori lilisimama, mimi nikatulia. Mkono wako haukutulia mpaka Miritini. Nikajua kuna neno unalo. Nilikuwa nakungoja useme."

Nililia pale pale, mbele ya duka la watu. Nimefiwa na wazazi wote wawili, mwanangu, na bado sijui kama nimewahi kulia vile.

Ndipo Mzee Mbwana akaja na msasa, spana na kipande cha waya. Hakugusa kitu yeye, alinipa mimi. Mama Kazungu akatushikia mwavuli bila kunitazama. Nikaifungua ile bolti, nayo ikabomoka mkononi. Nikakwangua bodi hadi chuma kikang'aa, nikafunga bolti mpya na waya mpya. Breki ikakanyagwa taa zikiwa zimezimwa, ikakanyagwa zikiwa zimewashwa, na wekundu ukamwagika juu ya matope hadi kwenye miguu yetu. Pikapu niliifuata kwa miguu yangu hadi kwenye tuta la barabarani, bila kutumwa.

Mama Kazungu aliendelea kuileta pikapu yake gereji. Kwa miezi mingi alimtaka Mzee. Sikumlaumu. Siku aliyoniita mimi kwa jina langu nilifurahi kuliko siku niliyofungua gereji yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Watu husema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni kweli, ila wamelisahau la katikati, nalo ni kulinyamazia. Kosa lenyewe nililifanya kwa muda wa kukinga jua kwa kiganja. Kulinyamazia kulichukua safari nzima, na kila hatua ya safari ile ilikuwa na lori nyuma yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo chenyewe hakiji kwa mficha, huenda kwa bibi wa watu aliyekumegea muhogo.

Basi moyo wako ukikwambia wekundu huu ni dhaifu, usiubishie. Jaribu kazi yako katika hali ile mwenye gari atakayoitumia, si katika ile inayokupendeza wewe. Ukiharibu, na utaharibu, mwanangu, mimi bado naharibu, mkimbilie kwanza yule anayeweza kuumia. Mwenye kukusamehe mwache baadaye, yeye hana haraka. Aibu utaiona. Itakuunguza uso siku mbili tatu, kisha itapoa.

Mungu akujaalie mikono mitulivu na ulimi usiochelewa. Kila atakayeondoka mlangoni kwako akikuamini, Mungu amfikishe kwake salama, aingie ndani, avue viatu, wala asijue kwamba kulikuwa na la kuogopa.