Ulezi Uliokwenda Zambia Ukarudi

Juzi nilikuwa dukani Majengo, nimekaa benchi moja na jamaa mwenye kiwanda kidogo cha unga wa ulezi. Alikuwa ananisimulia jinsi alivyoingia soko la Zambia: yeye anapeleka unga, mbia wake wa huko anaufunga kwenye pakiti zenye jina la Kizambia.

Akaingia mama mmoja kutoka Matai, akaulizia unga wa ulezi. Muuzaji akamwekea pakiti mbili za kuonja, ya hapa na ya Zambia. Mama akachota wa hapa kwa ncha ya vidole, akaonja, akakunja uso.

"Michanga mitupu!"

Akaonja wa Zambia, akafumba macho. "Enhe! Huu ndio ulezi. Wenzetu wanajua kusaga."

Akanunua, akaondoka. Jamaa yangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Zote mbili si zako?" nikamnong'oneza.

"Zangu. Gunia moja, mashine moja."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili arudishe?"

Kwenye semina za biashara tunafundishwa njia nyingi za kuingia soko la nje. Ya kuingia soko la Majengo naona ni moja tu: unapitia Zambia.