Diski Iliyoonekana Tupu

Cheka ukitaka, lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Miaka ile kompyuta za mitumba zilikuwa zimeanza kumiminika Dodoma, nami nilikuwa fundi mwenye kachumba karibu na soko la Majengo. Siku moja Madamu Tatu, mkuu wa sekondari moja ya Kibakwe, aliniletea ya kwao, kaifunga kwenye kanga. Ilikuwa na diski mbili: moja ya Windows, nyingine ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ukiwasha, unachagua unayoitaka. Fundi mmoja aliifungua kuitoa vumbi. Tangu hapo inaandika herufi mbili tu, LI, kisha inaganda.

"Majina ya watoto wa kidato cha nne yamo humo," alisema. "Kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kuyapeleka. Yakikosekana, hawafanyi mtihani."

"Madamu, siinuki hapa mpaka iwake."

Alipotoka nikafunga komeo, maana upepo ulikuwa unaingiza vumbi. Nikaiwasha kwa disketi, nikaipekua diski ya Windows faili kwa faili. Majina hayamo. Ile nyingine ilionekana tupu kabisa. Linux yenyewe nilikuwa naisikia tu. Nikaamua niifute, nisimike Windows mpya juu yake, halafu niendelee kusaka. Ungefanya nini wewe?

Kidole kikiwa juu ya kitufe, nikasikia nyuma yangu salamu ya Kigogo, "Mbukwa."

Mwanamume mrefu, shati jeupe, kovu juu ya nyusi. Nikadhani labda komeo halikushika.

"Usifute," alisema taratibu. "Hiyo si tupu. Windows haijui kuisoma, basi. Yule fundi alikosea vipini, diski zimebadilishana nafasi."

Akaninyooshea kipini, kidude kidogo kama punje ya mtama, kinachoiambia mashine diski ipi ni ya kwanza. Nikakipokea. Alivyonigusa, baridi ilinipanda mpaka kwenye kiwiko. Niamini, nilitamani kukimbia. Lakini nilikwishaahidi. Nikauma meno, nikapanga vipini, nikawasha.

Ikawaka! Nikachagua Linux, ikadai neno la siri. Akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika. Majina yote yakajitokeza. Nikageuka nimshukuru.

Hakuna mtu. Na komeo lilikuwa limefungwa vilevile nilivyolifunga.

Madamu Tatu aliporudi nilimfungulia. Akayaona majina, akashusha pumzi, kisha akaniuliza, "Neno la siri umepewa na nani?"

"Nadhani ni mwalimu wenu. Mrefu, ana kovu hapa."

Akakaa chini polepole. "Mwalimu Ndahani tumemzika Gulwe mwezi wa pili. Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu."

Tulichapa orodha. Watoto walifanya mtihani, wote.

Ufundi sikuacha, niliapa sitatishwa na mashine. Ila vidole viwili vya mkono huu wa kulia havijapata joto mpaka leo. Navishikisha kikombe cha chai ya moto, sisikii kitu.

Kwa hiyo wewe unayefungua mashine za watu, sikiliza. Akitokea mtu usiyemjua akakuonyesha njia, mfuate anavyokuelekeza. Lakini kitu chochote akuwekee mezani. Mkononi mwake usipokee.