Siku Tuliposomewa Mashtaka

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi cherehani wa sare za shule pale Mazwi, na mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza mwaka. Asubuhi moja polisi wawili walisimama mlangoni kwangu wakauliza kama mimi ndiye niliyenunua jora la kaki.

Nilijibu ndiyo. Sikuona sababu ya kuficha. Kijana aliyeniuzia alikuja na baiskeli mchana kweupe, majirani wakimwona, akasema mzigo umetoka Tunduma. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni kwenye duka la ushirika sasa vilipita mitaani mabegani mwa vijana: sabuni, betri, viatu vya mtumba, vitambaa. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Risiti hazikutolewa, na ambaye angeidai angechekwa.

Polisi mmoja alifunua ncha ya jora, akamwonyesha mwenzake alama ya wino wa bluu iliyogongwa kwa ndani. Ilikuwa alama ya duka moja la mjini lililovunjwa majuma mawili kabla. Mimi nilikuwa nimekwisha kata kaptura tatu. Walikusanya jora, vipande na mkasi wangu, nikaambiwa nivae viatu.

"Mtoto nimwache na nani, afande?"

"Muite jirani."

Jirani yangu alikuja, akampokea mtoto, akanipa mgongo bila kunitazama usoni. Tulikuwa tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu, tukiazimana chumvi na makaa. Hapo ndipo hofu ilipoingia. Niliona jinsi mtu anavyoweza kuwa mwizi kabla hajafika hata kituoni.

Mume wangu alikuwa safarini huko Chala, akimnunulia mahindi mfanyabiashara mmoja, na hapakuwa na namna ya kumpata upesi. Nilipelekwa peke yangu, kwa miguu, katikati ya polisi wawili, na nilitazama chini njia nzima ili nisijue ni nani waliokuwa wakinitazama.

Chumba cha mahabusu wanawake kilikuwa na mtu mmoja tu, mama wa makamo, Msukuma, wa wale waliohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alikuwa ameketi sakafuni, kanga imefunika jicho moja. Aliponiona alisogea kunipa nafasi penye kipande cha gunia.

"Mwangaluka," alinisalimu.

Hilo nililijua kutoka sokoni, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hatukuwa na lugha. Mimi nilikuwa na Kifipa na Kiswahili; yeye alikuwa na Kisukuma na maneno machache ya mnadani: ng'ombe, maji, ngapi, ndiyo, asante, na mengine machache ya nyumbani. Hata hivyo kufika jioni nilikuwa nimeelewa kisa chake, kwa mikono zaidi ya maneno. Alikuja mjini kutibiwa jicho. Alifikia kwa shemeji yake. Polisi walipofika kutafuta gongo, ile pombe haramu, shemeji alitokea mlango wa nyuma akakimbia, wakamkuta mgeni ameketi uani, na dumu liko ndani. "Nyumba shemeji," alirudia, akijipiga kifua na kutikisa kichwa. "Mimi mgeni. Mimi jicho."

Kesho yake niliitwa kwa mpelelezi. Hakuwa mtu mkali. Alinipa kiti, akaniuliza maswali taratibu, akaandika kurasa mbili, kisha akageuza karatasi upande wangu.

"Nimeandika ulivyosema. Weka sahihi hapa, na hapa."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kusoma najua. Lakini mama yangu alikuwa amekuja kutoka Milanzi, akamchukua mtoto kwa jirani na kumleta mgongoni, nilimsikia mwanangu akilia kaunta, na maziwa yalikuwa yamelowesha gauni langu mpaka kiunoni. Nilitaka jambo moja tu. Niliweka sahihi bila kusoma mstari hata mmoja.

Mpelelezi alikunja karatasi. "Sasa sikiliza, mama. Nakushauri kama dada yangu. Ukifika mbele ya hakimu, kubali kosa. Una mtoto mchanga, hujawahi kushtakiwa, utapewa onyo, unakwenda kunyonyesha. Ukikataa, kesi inakuwa ndefu. Unaweza kukaa rumande mpaka upelelezi ukamilike, na mimi siwezi kukuambia utakamilika lini."

"Lakini sikujua kwamba ni ya wizi, afande."

"Hayo ya kujua na kutokujua ndiyo yanayorefusha kesi."

Waliniruhusu kumnyonyesha mtoto kwenye benchi la kaunta. Nilimweleza mama yangu ushauri ule kwa Kifipa, kwa sauti ya chini.

"Ulijua kitambaa kimeibwa?" aliniuliza.

"Sikujua, mama."

"Sasa utakubali nini?"

"Nitakubali nirudi nyumbani."

Mama yangu hakukosa misa hata siku za mvua kubwa. Alisema, "Kwenye kitubio unaungama ulichofanya. Padri hajakuambia hata siku moja uungame usichofanya." Kisha akamtazama mtoto, akaongeza kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini na huyu amekataa uji tangu jana." Nikajua naye hajui aniambie nini, na hofu yangu ikaongezeka maradufu.

Tulipelekwa mahakamani siku ya tatu, mimi na yule mama pamoja. Ilikuwa majira ya baridi, upepo wa Ufipa ukipenya kwenye nondo za dirisha, na hakimu alikuwa amevaa sweta zito chini ya koti. Majalada yalikuwa yamerundikwa mbele yake. Tuliketishwa benchi la mbele. Karani alisimama akauliza haraka, kama mtu anayeuliza kila siku, "Kuna mtu hapa asiyejua Kiswahili?"

Hakuna aliyejibu. Mwenzangu alikuwa akitazama ndege aliyeingia kwenye kenchi za paa. Hakujua kwamba ameulizwa.

Yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Alisimama, akafunga kanga vizuri. Hakimu alisoma shtaka: kwamba alipatikana na dumu la pombe haramu aina ya gongo ndani ya nyumba anayoishi, kinyume cha sheria.

"Ni kweli au si kweli?"

Mama yule alimtazama hakimu, akanitazama mimi, akamtazama tena hakimu. "Ndiyo," alisema. "Nyumba. Ndiyo."

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka, ambaye naye alikuwa polisi, alisimama akasoma maelezo ya kosa, maneno mengi ya haraka, nyumba, saa, dumu, askari waliopekua.

"Umesikia maelezo hayo? Ni ya kweli?"

"Ndiyo."

"Una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu?"

"Asante," alijibu.

Watu waliokuwa nyuma walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Nilijua kila kitu: shemeji, mlango wa nyuma, jicho. Mtu mwingine aliyejua hakuwepo mle ndani. Nilifungua mdomo, na nilipoufungua nilimwona mpelelezi wangu amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, akinitazama kwa utulivu. Niliwaza: nikimuudhi mtu yeyote humu ndani, onyo langu limepotea. Nikaufunga mdomo.

Hakimu alimhukumu kifungo cha miezi sita.

Hata hapo mama yule hakujua. Aliona hakimu amefunga jalada, akadhani yamekwisha. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlango mkubwa wa kutokea nje, ule wenye jua. Askari wa kike alimshika mkono, akamgeuza taratibu kuelekea mlango wa pembeni. Alikwenda huku akiangalia nyuma. Hakupiga kelele wala kulia. Nafikiri alidhani wamemkosesha njia.

Jina langu likaitwa. Nilisimama, nikashika ukingo wa mbao. Onyo, nilijiambia. Lakini huyu mama hakupewa onyo. Hakimu alisoma shtaka langu, kupokea mali huku nikijua kwamba ni ya wizi, akauliza swali lilelile. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu usiku kucha, na mdomo ukasema wenyewe.

"Ni kweli."

Kalamu yake ilitembea. Nilisikia mtoto wangu akikohoa mahali fulani nyuma. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo, na humo nilisikia habari za mwanamke nisiyemjua, aliyenunua jora kwa siri, akijua limeibwa, akaanza kulikata ili kupoteza ushahidi. Kumbe ndizo zile kurasa mbili nilizotia sahihi.

"Maelezo hayo ni ya kweli?"

Niligeuka nikazitazama zile karatasi mkononi mwa mwendesha mashtaka. Hakimu aliinua kichwa. "Mama, nakuuliza. Ni ya kweli?"

"Nilinunua, mheshimiwa."

"Nauliza kama yote uliyosomewa ni ya kweli."

"Kununua nilinunua. Kujua, sikujua. Na haikuwa siri, ilikuwa mchana, watu wapo. Nilikata kwa sababu ni sare, shule ilikuwa inazisubiri."

Aliweka kalamu chini. "Mbona hapa umesema ni kweli?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Sikuthubutu kutazama mlangoni. Nilitazama mikono yangu. Alisubiri, na alipoona sitasema, alichukua kalamu akakata alichokuwa ameandika, mstari mmoja mrefu niliousikia ukikwaruza karatasi. "Huku si kukiri kosa," alimwambia mwendesha mashtaka. "Mahakama inaandika kwamba mshtakiwa amekana."

"Mheshimiwa, yapo maelezo aliyotia sahihi."

"Utayaleta wakati wa ushahidi."

Hapo ndipo niliposema, na sijui sauti ile ilitoka wapi. "Mheshimiwa, na yule mama hakuelewa. Hajui Kiswahili."

Hakimu alinitazama muda mrefu. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Alijibu mwenyewe. Wewe shughulikia dhamana yako." Lakini aliinua jalada la juu, akalitazama lililo chini yake, la yule mama, kisha akaita kesi iliyofuata.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nilisema nilipokwisha kupona. Kama ningesema dakika kumi kabla, wakati kalamu bado haijaandika, pengine karani angetafuta mtu wa kutafsiri. Wasukuma walikuwa wamejaa sokoni, hatua chache kutoka pale. Na kama yeye asingehukumiwa mbele yangu, ningejibu "ni kweli" mara ya pili kama nilivyojibu mara ya kwanza. Adhabu yake ndiyo iliyonifungua mdomo.

Nilikaa ndani siku tano zaidi mpaka wadhamini walipopatikana. Baada ya hapo kesi yangu ilitajwa na kuahirishwa, ikatajwa na kuahirishwa, na kila asubuhi ya kesi nilitapika kabla ya kutoka nyumbani. Shule ilinipokonya kazi ya sare. Mume wangu alinisindikiza kila mara, akikaa nyuma kabisa na kofia mapajani. Mwishowe mwenye duka akahama mji, hakuonekana kutoa ushahidi, na mashtaka yakaondolewa. Nilipewa mkasi wangu. Hakuna aliyesema kwamba sikuwa mwizi. Waliniambia tu niende.

Lakini kabla ya hapo nilikwenda gerezani kumwona yule mama. Mara mbili nilifika karibu na lango nikarudi, nikiwa na hakika kwamba nikiingia watanizuia. Mara ya tatu niliingia, nimebeba sabuni na mafuta ya kujipaka. Askari jela wa kike aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa Shinyanga, na tulipokaa alitafsiri bila kuombwa.

Mama alinitambua. Jicho lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe, na aliishika sabuni karibu sana na uso kuitazama. Alisema maneno mengi, taratibu.

"Anauliza," askari aliniambia, "yule bwana alimuuliza nini siku ile?"

Nilimweleza: alikuuliza kama gongo ni lako. Askari alitafsiri. Mama alinyoosha kanga kwenye magoti, kisha akajibu.

"Anasema alidhani anaulizwa kama ndipo alipolala. Alilala pale, kwa hiyo alikubali. Walipouliza tena, alidhani hawakumsikia."

"Na alipoambiwa aseme lolote?"

Askari alimuuliza. "Alidhani wamemruhusu kwenda hospitali. Akashukuru."

Nilimwomba askari amweleze kwamba anaweza kukata rufaa, na yeye aliahidi kulifikisha kwa mkuu wa gereza. Barua iliandikwa, hilo nilithibitishiwa baadaye. Majibu hayakuwa yamerudi siku alipotoka, baada ya miezi minne, akiwa amepunguziwa kwa tabia njema. Ndugu zake walimchukua kurudi kwenye mifugo yao, na sikumwona tena.

Siku ile ya gerezani, muda ulipokuwa unakwisha, aliniuliza swali moja la mwisho. Askari alilitafsiri.

"Anauliza, wewe ulijibu nini?"

"Mwambie nilijibu kama yeye," nilisema. "Halafu nikaulizwa tena, nikaelewa."

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia jambo fupi, na askari akasema mama ananiaga, njia ni ndefu na mtoto wangu anangoja.