Karani Hyacinthe na Mrija wa Mzee Nkeshimana

Karani Hyacinthe alikuwa mpima pamba pale Uvira, na kwa miaka minane wakulima wa bonde la Ruzizi hawakusikia mengi kutoka kinywani mwake. "Ina maji. Irudishe." Alikuwa akiingiza kidole ndani ya gunia, anakitazama kidole, hamtazami mwenye gunia, kisha anasema hivyo. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani aliuinua tena, akarudi nao kwao kuuanika. Labda pamba ilikuwa na maji kweli. Lakini alisema hivyo hata wakati wa kiangazi, mvua ikiwa haijaonekana mwezi mzima.

Simwandiki kwa sababu ya pamba. Namwandika kwa sababu ya karte.

Mwaka ule wa 1954 Hyacinthe aliitafuta karte ya mustaarabu, kadi ile ambayo serikali ya Wabelgiji ilimpa mtu mweusi aliyeonekana kuishi kama mzungu. Kabla hujaipata, komisiyo ilikuja nyumbani kwako kutazama kitanda, sahani na choo, na kuuliza kama una mke mmoja. Hyacinthe alikuwa na mke mmoja, Sidonie, na uma sita. Kila jioni Sidonie aliketi mezani akidunga ndagala, wale dagaa wa ziwani, mmoja mmoja kwa uma, huku mumewe akimsahihisha kiwiko. Mume akishatoka kwenda chamani kwa wastaarabu wenzake, Sidonie alihamia jikoni, akaketi kwenye mkeka, akala kwa mkono mpaka akashiba.

Komisiyo ilipangwa kuja siku ya Alhamisi. Hyacinthe akataka Bwana Administrateri, mzungu mkuu wa wilaya, amwone kwanza jukwaani, Jumamosi iliyotangulia. Chama cha wastaarabu kilikuwa na jioni yake ya michezo kila mwaka ndani ya ghala kuukuu la pamba: michezo mitatu mifupi, kila mmoja wa sehemu moja tu. Wa kwanza ulihusu chandarua. Wa pili, mwizi wa samaki. Wa tatu aliutunga Hyacinthe mwenyewe, akauita "Mwenye Wake Wawili". Yeye ndiye angekuwa huyo mume: apose mke wa pili mbele ya watu wote, kisha ajute kwa hotuba ndefu ya Kifaransa.

Siku tatu kabla, mwalimu Donatien, aliyepangwa kuigiza baba wa binti anayeposwa, akashikwa na homa. Hyacinthe hakusikitika.

"Afadhali. Donatien anashika mrija wa pombe kama kalamu. Nataka mushenzi wa kweli, na pombe ya kweli. Bwana aone desturi hii ilivyo mbaya."

Akaitwa mzee Nkeshimana, mkulima wa Bwegera, aliyekuwa ameketi karibu na mizani na gunia lililorudishwa mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kuvuta pazia, kwa hiyo nilikuwapo siku ya mazoezi na nilisikia yote.

"Muzee, utakaa hapa," Hyacinthe alisema. "Utataja jina la binti, utanipa mrija, nitakunywa. Basi."

"Binti gani?"

"Yeyote."

"Siwezi kumutaja binti wa muntu mwingine. Minye niko na binti yangu Pudentienne."

"Mutaje huyo Pudentienne."

Mzee akakuna kidevu. "Bwana Karani, kwetu maneno haya yakisemwa na mtungi ukiwa katikati, watu wakitazama, yamekwisha. Hayarudi tena kinywani."

"Muzee, huu ni mchezo tu!"

"Mchezo naujua, ule wa mbegu na vishimo. Ule hauna pombe wala binti."

"Weye fanya vile unaambiwa."

"Sawa, Bwana Karani," mzee akasema, kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia kila aliporudishiwa gunia.

Jumamosi ghala lilijaa. Bwana Administrateri na mkewe waliketi mbele. Nyuma yao walijaa watu wa bondeni, wengi kuliko miaka yote, na wanawake wa Bwegera walikuwa wamejipaka mafuta na kuvaa nguo za arusi. Hyacinthe alichungulia pazia, akaniambia, "Unaona? Watu wanaanza kuheshimu sanaa."

Chandarua kilipita, mwizi akapita, watu wakapiga miayo. Ukafika wa tatu. Mzee Nkeshimana aliketi mbele ya mtungi wa pombe ya mtama, akamtaja Pudentienne, akamtaja mama yake, akataja na kilima alichozaliwa. Akatoa mrija. Hyacinthe akapiga goti, akanyonya, na kwa kuwa alikuwa mwigizaji mwenye bidii, hakuacha mpaka mrija ukalia.

Vigelegele vilitikisa mabati. Hotuba ya Kifaransa haikusikiwa na mtu, maana watu walikuwa tayari wakicheza ngoma uwanjani. Bwana Administrateri alimshika Hyacinthe mkono, akamwambia hajapata kuona wenyeji wakiigiza vizuri namna ile. Hyacinthe alikwenda nyumbani akiwa mrefu kidogo.

Alhamisi asubuhi alisafisha uma zote sita. Aliposikia hodi alifungua mlango kwa tabasamu la komisiyo, akamkuta mzee Nkeshimana, ndugu zake wawili, na mwanamke mwenye mkeka kichwani.

"Mukwe wangu," mzee akasema, "nimekuletea Pudentienne."

"Ilikuwa mchezo!"

"Ndiyo. Ulicheza vizuri."

Pudentienne alichungulia ndani. "Wanasema hapa iko uma. Ziko wapi?"

"Sidonie!" Hyacinthe akalia. "Waambie hawa ilikuwa mchezo!"

Sidonie alitoka akifuta mikono. "Minye nilikaa mustari wa pili. Ulinyonya mpaka mrija ukalia, Papa Karani. Nani alikushika shingo?" Akamtwalia Pudentienne mkeka wake. "Ingia jikoni, mwenzangu. Huku mezani hakuna raha."

Komisiyo ikafika hapo hapo: Bwana Administrateri na padri mmoja aliyejua Kirundi. Walimkuta mzee amekalia kiti kizuri, akichana ndevu kwa uma.

"Wewe ni nani?" padri akamwuliza.

"Mukwe wake."

"Baba wa Sidonie?"

"Hapana. Wa huyu mwingine."

Hyacinthe alieleza mpaka jasho likalowesha kola. Alisema mchezo ulikuwa wa kupinga jambo hilo hilo. Bwana Administrateri alicheka hata akavua miwani. Kisha akaivaa, akafunga daftari. Mustaarabu, alisema, hana baba wakwe wawili. Jambo limalizwe kwa desturi ile ile, mbele ya watu wale wale, na mzee akikubali komisiyo itarudi. Ingekuwapo Uvira kwa siku kumi na moja zaidi, hadi Jumatatu, kisha ingekwenda Fizi. Uma hazikuhesabiwa.

Desturi ilitaka Hyacinthe arudishe pombe, bila kofia wala viatu, na kusema hana uwezo wa kumtunza binti. Sidonie na Pudentienne waliitengeneza pombe pamoja, wakicheka jikoni siku zote hizo. Jumapili ya mwisho, baada ya misa, ghala lilijaa kuliko siku ya michezo. Hakuna aliyenituma, lakini nilivuta pazia.

Hyacinthe alipiga goti mbele ya mtungi, akasema maneno yote. Mbele yake walikaa watu ambao kwa miaka minane hakuwahi kuwatazama usoni. Sasa aliwatazama mmoja mmoja.

Mzee Nkeshimana hakuchukua mrija. Aliingiza kidole ndani ya mtungi. Akakitazama kidole, hakumtazama Hyacinthe.

"Ina maji," akasema. "Irudishe."

"Muzee, nakuomba! Kesho komisiyo iko naenda Fizi!"

"Ianike vizuri," akajibu mzee.

Pombe ya mtama huchukua zaidi ya wiki kuiva. Hyacinthe alijitwisha mtungi kichwani, akaushika kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango ule mkubwa ambao magunia yalirudishwa nao. Watu walimpisha kwa adabu. Na mtungi, kwa kuwa hakuwa amezoea kubeba kitu kichwani, ulimmwagikia njia nzima.