Mkaratusi wa Kwenye Bakuli

Juzi, katika ofisi ya kata huko Muleba, mzee mmoja alimshtaki jirani yake kwa kuweka mkaratusi karibu na kibanja chake cha migomba. Kwetu mkaratusi hupandwa rweya, kule kwenye nyasi, maana unanyonya maji.

Mama aliyeshtakiwa akautua mezani. Ulikuwa ndani ya bakuli. Aliuotesha kwa mbegu, akaupunguza mizizi miaka mitano ili usikue, na kimo chake hakizidi kijiko.

"Mzee, huu ni wa kutazama tu," alisema mtendaji.

Mzee alikataa kukaa. "Mizizi haijui hilo."

Sisi tuliokuwa tukisubiri zamu zetu tulicheka. Nje, mama akanigawia mche mmoja kama huo, nao ndani ya bakuli. Tangu siku hiyo nimeuhamisha mara tatu, na bado naona uko karibu mno na migomba yangu.