Mtungi Uliokataa Kujaa

Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani Kitale miaka ile ya mwanzo ya elimu ya bure, nawaambia nilikuwa nikiwauzia walimu mazingira. Na walimu, jameni, si wateja rahisi. Kituo chetu cha uhifadhi kilikuwa kando ya kinamasi, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka shule kwa shule, kuanzia Kapsokwony kule mlimani hadi Kanduyi, nikifundisha watoto mambo ya miti, maji na wanyama. Nilikuwa na picha kubwa ya nzohe, yule swara wa kinamasini mwenye kwato ndefu, na wimbo wake. Watoto waliupenda wimbo huo mno. Walimu wakuu walipiga makofi, wakanipa chai, kisha wakaniambia muhula huu hamna nafasi.

Mimi niliwaelewa upesi kuliko bosi wangu. Nzohe haji kwenye mtihani. Mwalimu mwenye watoto tisini darasani na silabasi ambayo hajaifikisha nusu hawezi kumpa mgeni saa nzima ya nyimbo. Ningekuwa yeye, ningemfukuza mgeni huyo pamoja na picha yake. Kwa hiyo nilitafuta silabasi za sayansi, hesabu na masomo ya jamii, nikazitandaza mezani ofisini, nikaanza kuchinja. Shughuli yetu yoyote ambayo haikuingia kwenye mada ya darasa fulani, muhula fulani, niliikunja mpaka ikaingia, na iliyokataa kukunjika niliitupa. Wimbo wa nzohe ukaenda zake. Kutembelea kitalu cha miche kukawa hesabu ya eneo. Makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye mashamba ya mahindi yakawa somo la udongo la darasa la tano.

Bosi alisimama mlangoni akinitazama nikivuruga kazi yake ya miaka.

"Sasa wewe ni mtu wa mazingira ama wa tuition?"

"Mimi ni mtu wa kuingia darasani," nikamjibu. "Nikishaingia, tutajuana."

Mdomo nilikuwa nao, nimeurithi kwa mama yangu, aliyehamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati na akalima ekari zake bila kumwomba mtu ruhusa. Bosi aliguna akaenda zake.

Aliyenipima kwelikweli ni mwalimu mmoja karibu na Bokoli, mama wa makamo aliyefundisha darasa la sita sayansi. Walimu wa shule jirani walimtazama yeye kwanza. Akikukubali, nao wamekukubali. Akikukataa, funga virago urudi Kitale. Sifa yake nyingine ilikuwa miti. Chini ya shule, kwenye mteremko, palikuwa na msitu wa mikaratusi alioupanda mwenyewe alipoajiriwa, akiwa bado msichana. Kila mtu aliuita msitu wa Madam. Nguzo za madarasa mawili zilitoka humo, na mgeni alipelekwa kuuona kabla hajaonyeshwa ofisi. Nami nilipelekwa, nikausifu kwa adabu.

Tuliporudi nilimwomba azimio lake la kazi la muhula. Nikaweka kidole kwenye wiki ya tano: maji, vyanzo vyake na uhifadhi wake.

"Nitafundisha hii hii, Mwalimu. Kwa vipindi vyako viwili, wala sitaongeza dakika. Na ndani yake nitaingiza hesabu ya ujazo, maana naona wiki hiyo hiyo mko nayo."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe msichana wa Kitale, hawa watoto wako na mtihani wa tarafa mwisho wa muhula. Wakianguka swali ya maji, hata moja tu, usinirudie hapa. Na wenzangu wote nitawaambia."

"Sawa, Mwalimu."

"Usiseme sawa haraka hivyo, bana."

"Nimeshasema."

Ukweli ni kwamba nilikuwa na uhakika. Mtoto akishika kitu kwa mkono wake, mtihani haumtishi. Shida ilikuwa mahali pa kufundishia. Silabasi ilitaka chemchemi, na chemchemi za karibu zilikuwa mbili tu: moja chini ya mikuyu mikubwa ng'ambo ya barabara, nyingine chini ya msitu wa Madam. Zote zilikuwa zimejengewa saruji na kuwekwa bomba. Nilijua kupima ile ya pili ni kuchokoza nyuki. Ningeweza kuchora chemchemi ubaoni nikarudi nyumbani kwa amani. Lakini mimi kuchora chemchemi ubaoni, na chemchemi zenyewe zipo hapo nje? Thubutu!

Siku ilipofika tulibeba mtungi wa lita ishirini. Hatukuwa na saa ya kupimia, na kwa watoto wale haikuhitajika. Darasa lolote la Bungoma lilijua kukariri kuzidisha kwa mwendo mmoja, kwa ile sauti ya kuimba inayosikika hadi sokoni. Hiyo ndiyo ikawa saa yetu. Pale mikuyuni tuliweka mtungi chini ya bomba, watoto wakaanza hesabu ya mbili. Hata hawajamaliza ya tatu, maji yakamwagika, wakashangilia.

Tukashuka kwenye msitu wa Madam. Mwalimu mwenyewe alitufuata, mikono ameikunja kifuani. Wakaanza tena ya mbili, ya tatu, ya nne, ya tano. Uzi wa maji ulikuwa mwembamba kama kidole cha mtoto. Ya sita ikaisha. Ya saba, ambayo nusu ya darasa walikuwa wakiikosea, ikapita kwa kusuasua.

"Madam, huyu mtungi amekataa kujaa!" msichana mmoja wa mbele akapaza sauti.

Wakacheka. Halafu wakakumbuka wamesimama chini ya miti ya nani, kicheko kikakatika ghafla. Wote wakamgeukia mwalimu wao.

"Nani amewaambia mnyamaze?" akasema. "Endeleeni na ya nane."

Darasani walifanya hesabu ya ujazo kwa maji waliyoyaona. Mimi mikaratusi sikuitaja. Mtoto mmoja aliuliza mbona chemchemi mbili za kilima kimoja zitofautiane hivyo, na wenzake wakamjibu kabla sijafungua mdomo, kwamba miti ile inakunywa. Mwalimu aliandika tarehe kwenye azimio lake akasema kipindi kimeisha. Siku hiyo sikupewa chai.

Sikusikia neno lake hadi mwisho wa muhula, aliponibipu. Nikampigia.

"Njoo kesho pale tunasahihishia," akasema. "Watoto wako wameanguka."

Walimu wa tarafa walikuwa wamekaa kwenye madawati ya shule moja upande wa Webuye, mandazi kwenye sinia, kalamu nyekundu mikononi. Alinisogezea karatasi. Swali liliuliza ni mti upi unaofaa kupandwa karibu na chemchemi. Mwongozo wa kusahihisha, ulionakiliwa kutoka kitabu cha zamani kilichosifu miti inayokua haraka, ulisema mkaratusi. Darasa lake zima lilichagua mkuyu. Kosa, kosa, kosa, karatasi baada ya karatasi. Maneno yake ya siku ile ya kwanza yakanirudia: hata moja tu. Nilipandwa na hasira, nikavuta pumzi niwape wote vidonge vyao. Akaninyamazisha kwa mkono, akasimama yeye.

"Mwenyekiti, hii swali ya chemchemi, mwongozo ubadilishwe."

"Madam, mwongozo umeshapitishwa. Tukianza kubadilisha si tutalala hapa?"

"Basi tulale."

"Na wewe mwenyewe si ndio uko na msitu ya hiyo miti?" Mwenyekiti alicheka, na wengine wakamsaidia.

Yeye hakucheka. "Ndiyo maana nasema mimi. Hiyo miti nimepanda na mikono yangu. Nilikuta hiyo chemchemi ikitoa maji kama ile ya juu, akina mama wakichota hapo na wanaenda. Ni mimi nimeikausha. Na hawa watoto walinihesabia mbele ya macho yangu mpaka ya nane. Sasa niwawekee kosa juu ya nini? Juu waliona?"

Hakuna aliyegusa mandazi. Mwenyekiti alizungusha macho akitafuta wa kumuunga mkono, akamkosa, akachukua mwongozo, akafuta jibu akaandika mkuyu. Kalamu zikarudi kwenye karatasi za mwanzo kabisa, za kila shule, na watu walinung'unika kweli.

Nilimkuta nje akijisugua wino kwenye vidole.

"Nilikuambia wakianguka swali moja usinirudie."

"Uliniambia, Mwalimu."

"Sasa hawakuanguka." Akafunga kalamu akaitia mkobani. "Muhula ujao ni udongo, wiki ya pili. Uje mapema. Na umwambie huyo bosi wako akupe msumeno wa ile miti yangu."